Dizeli Inayooza Tangini: Maji, Kuvu na Wajibu wa Mwenye Tangi

Gari likianza kukosa nguvu njiani, au jenereta ikizimika ikiwa na mzigo, lawama ya kwanza huenda sheli. “Mafuta yamechakachuliwa,” fundi husema, na mwenye gari hukubali hata kabla filta haijafunguliwa. Lawama hiyo haikuzuka hewani. Tanzania ilianza kutia vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa kwenye dizeli, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mchezo huo ukose faida. Kenya nayo, kuanzia Septemba 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilohilo.

Hata hivyo, iko dizeli inayotoka bandarini ikiwa safi, ikapita kila kipimo cha vinasaba, na bado baada ya miezi michache ikaziba filta, ikaharibu nozeli na kutoboa tangi. Hiyo hakuna mtu aliyeichakachua. Imeharibiwa na viumbe hai: bakteria, hamira na kuvu wanaoishi katika maji yaliyotuama chini ya tangi na kujilisha kwa mafuta yaliyo juu ya maji hayo. Uharibifu huu hutokea zaidi katika mafuta yaliyohifadhiwa muda mrefu bila kuguswa, na kwa sababu hiyo unazihusu moja kwa moja jenereta za dharura za hospitali, hoteli, benki na minara ya simu, mapipa ya mashambani na matangi ya vyombo vya baharini.

Wauzaji wa dawa za mafuta hulieleza jambo hili kama ugonjwa unaohitaji chupa. Ukilichunguza kwa makini utaona sivyo. Chanzo chake ni maji, na maji hukaa tangini kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuyatoa. Dawa ina nafasi yake, lakini ni nafasi ya mwisho, na ikitumiwa vibaya ina hatari kubwa kuliko kuvu wenyewe.

Viumbe wanaokula mafuta

Kwamba kuna vijidudu vinavyoweza kula mafuta si habari mpya. Mwanasayansi wa Japani, Manabu Miyoshi, aliandika mwaka 1895 kuhusu kuvu wenye uwezo wa kushambulia mafuta mgando ya parafini. Mwaka 1946 Claude ZoBell wa Marekani alikusanya maarifa yaliyokuwapo hadi wakati wake na kuonyesha kwamba uwezo huo umeenea sana miongoni mwa viumbe wadogo wa udongoni na majini. Binadamu ameutumia kwa faida: baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, wahandisi walinyunyizia mbolea kwenye fukwe ili kuwachochea bakteria wa pale wayale mafuta haraka zaidi. Uwezo uleule unaosafisha ufukwe ndio unaoharibu mafuta tangini.

Tatizo lilianza kutikisa watu wakubwa enzi ya ndege za jeti. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mafundi wa ndege za kijeshi za Marekani walikuta ute na kutu ndani ya matangi yaliyojengwa kwenye mabawa. Mshukiwa mkuu alikuwa kuvu anayeitwa Hormoconis resinae, ambaye hadi leo ndiye anayetajwa zaidi katika mafuta ya taa, mafuta ya ndege na dizeli. Wakati uleule ikagundulika kwamba kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye mafuta ya ndege ili maji yasigande kuwa barafu ilikuwa pia ikizuia viumbe hao kukua. Kinga ya kwanza ya maana, kwa hiyo, ilitoka kwenye dawa iliyolenga maji.

Hilo linaeleweka ukitazama wanavyoishi. Ndani ya dizeli kavu vijidudu haviwezi kuzaliana. Vinaweza kubaki hai kama mbegu za kuvu, vikisubiri. Vikipata maji, hata ya kina cha milimita chache, huanza maisha pale mafuta yanapokutana na maji. Juu vinapata chakula, chini vinapata maji na madini. Vinatengeneza utando mzito wa rangi ya kahawia au nyeusi unaovilinda. Chini ya utando huo, pasipo hewa, hukua kundi jingine la bakteria, wakiwamo wa jamii ya Desulfovibrio, ambao hutumia chumvi za salfa zilizomo majini na kutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Maji ya bahari yana salfa hizo kwa wingi, na ndiyo maana tangi la chombo cha baharini lililoingia maji ya chumvi huharibika vibaya zaidi.

Joto linalowafaa wengi wa viumbe hawa ni kati ya nyuzi 25 na 35 za Selsiasi. Hilo ndilo joto la kawaida la Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ulaya ya kaskazini hupata miezi ya baridi inayowapunguza kasi. Pwani yetu haina miezi hiyo.

Maji huingiaje?

Jibu linalorudiwa katika kila kijitabu ni unyevu wa hewa: tangi hupumua, hewa yenye unyevu huingia na, ikipoa usiku, hugeuka matone. Ni kweli, lakini hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wake halisi.

Chukua tangi lenye nafasi tupu ya lita 1,000 juu ya mafuta. Hewa ya nyuzi 32 iliyoshiba unyevu hubeba karibu gramu 34 za maji katika nafasi hiyo. Ikipoa hadi nyuzi 22 inaweza kubeba gramu 19 hivi. Usiku wa kwanza, katika hali mbaya kabisa, zitadondoka gramu 15. Baada ya hapo tangi huvuta hewa mpya ya asilimia 3 hivi tu ya nafasi hiyo kila usiku, kwa kuwa hewa iliyopoa kwa nyuzi 10 husinyaa kwa kiasi hicho. Maji yaliyomo katika hewa hiyo ni kama gramu moja. Kwa mwaka mzima hayafiki nusu lita.

Sasa linganisha na mvua. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu siku moja ya masika, ikijikusanya katika kishimo cha nusu mita ya mraba kinachozunguka mfuniko wa tangi la chini ya ardhi, ni lita 25 za maji. Mpira wa mfuniko ukiwa umechakaa, sehemu ya lita hizo inaingia ndani kwa saa chache. Juni 2025, huko Ratlam katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India, magari 19 ya msafara wa waziri mkuu wa jimbo hilo yalizimika baada ya kujazwa dizeli iliyochanganyika na maji. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba mvua ilipenya kwenye tangi la kituo.

Pipa nalo lina njia yake. Likisimamishwa wima nje, maji ya mvua hutuama juu ya bamba lake kuzunguka kizibo. Mchana mafuta hutanuka na kusukuma hewa nje. Usiku husinyaa, na pipa hunyonya maji yaliyotuama kupitia nyuzi za kizibo hata kama kimekazwa. Dawa yake haigharimu kitu: lilaze pipa chini ya paa, vizibo viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo na vikifunikwa na mafuta kwa ndani.

Kuna pia maji yanayokuja na mafuta yenyewe. Dizeli huweza kubeba maji kidogo yaliyoyeyuka ndani yake bila kuonekana. Kiwango cha Ulaya, EN 590, huruhusu hadi miligramu 200 kwa kilo. Ikipoa, sehemu ya maji hayo hujitenga na kushuka chini. Safari ya dizeli yetu ni ndefu, kutoka melini hadi maghala ya bandarini, kisha bomba au boza, kisha ghala jingine, kisha sheli. Kila kituo kisichotoa maji yake hukipelekea kituo kinachofuata.

Tukiyaweka pamoja, unyevu wa hewa peke yake hauwezi kulifurisha tangi, lakini unatosha kuanzisha makazi, kwa sababu nusu lita iliyojikusanya kwenye kona ya chini ni maji ya kutosha kwa viumbe hawa. Maji mengi, yale yanayozima magari, huingia kwa mvua, kwa mfuniko mbovu na kwa mafuta yaliyopokewa bila kupimwa. Kwa hiyo ushauri wa “jaza tangi lisibaki na hewa” una ukweli kidogo kuliko unavyosifiwa. Ukijaza tangi la lita 5,000 kwa jenereta inayotumia lita 50 kwa mwezi, umepunguza gramu chache za unyevu na umejiwekea mafuta ya miaka minane. Tangi dogo linalozungushwa mara kwa mara ni salama kuliko tangi kubwa lililojaa.

Kwa nini siku hizi limezidi?

Mafundi wa zamani husema dizeli ya zamani haikuwa na matatizo haya. Kuna ukweli ndani yake, ingawa sababu si moja.

Ya kwanza ni usafishaji wa salfa. Ulaya ilifikia kiwango cha sehemu 10 kwa milioni mwaka 2009, Marekani ilianza kutumia 15 mwaka 2006, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutumia 50 Januari 2015. Hatua hizo zilikuwa za lazima kwa afya za watu, na hakuna sababu ya kuzijutia. Lakini mitambo inayoondoa salfa huondoa pia baadhi ya kemikali za asili ambazo hazikuwa rafiki kwa vijidudu.

Baada ya mabadiliko hayo, mwaka 2016, shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli yaliyo chini ya ardhi. Asilimia 83 yalikuwa na kutu ya wastani au kali kwenye sehemu za chuma, na chini ya robo ya wamiliki walikuwa wakijua. Ripoti haikuwatwisha vijidudu lawama yote, lakini iliwaweka miongoni mwa visababishi vinavyowezekana, na ikaonyesha kwamba kutu ilikuwapo kwenye matangi ya chuma na hata kwenye vifaa vya chuma vya matangi ya faiba.

Ya pili ni dizeli ya mimea. EN 590 huruhusu hadi asilimia 7, na Indonesia imefika asilimia 40 kwa kutumia mawese. Mafuta hayo yanashika maji mengi zaidi kuliko dizeli ya kawaida na ni chakula rahisi zaidi kwa viumbe. Nchi yoyote ya kwetu itakayoamua kuchanganya dizeli na mafuta ya mimea inapaswa kuanza na usimamizi wa matangi.

Ya tatu ni injini zenyewe. Pampu za zamani zilivumilia uchafu. Injini mpya za mfumo wa komoni reli husukuma mafuta kwa shinikizo ambalo katika nyingi linazidi bar 2,000, na nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli ni maikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Uchafu ambao injini ya 1985 iliumeza bila kulalamika unaiua nozeli ya leo, na bei ya nozeli moja inaweza kuzidi gharama ya kutunza tangi kwa miaka.

Kutambua bila kukisia

Kosa kubwa la mafundi ni kuita kila tope jeusi “kuvu” au kila hitilafu “uchakachuaji”. Yapo mambo matatu au manne yanayofanana kwa macho.

Dizeli ya zamani huoza pia kwa hewa bila kijidudu hata kimoja. Hubadilika rangi, hunuka kama rangi ya mafuta, na hutoa gundi. Joto la mafuta yanayorudi kutoka injini huzalisha chembe nyeusi zinazoziba filta. Mabomba ya mabati na viungo vya shaba huharakisha uozaji huo, na zinki ya mabati hutengeneza aina ya sabuni ndani ya mafuta. Kutu ya tangi nayo huonekana kama vumbi jekundu. Utando wa viumbe hutofautiana kwa sababu unateleza kama ute, unang'ang'ania upande wa maji, na hauyeyuki ukitiwa kwenye kiyeyushi kama toluini, ambacho huyeyusha sehemu kubwa ya gundi na lami ya mafuta.

Kipimo cha kwanza kinahitaji chupa ya kioo tu. Chukua mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, siyo juu wala katikati, kwa sababu juu kila tangi huonekana safi. Acha chupa itulie. Dizeli nzuri hung'aa na huruhusu kuona hadi upande wa pili wa chupa. Ukiona tabaka la maji chini, na kati yake na mafuta kuna utando kama nyuzi au ngozi laini, umempata mhusika. Harufu ya mayai viza inathibitisha kwamba jambo ni la muda mrefu. Gesi yenye harufu hiyo ni sumu kali, na hakuna mtu anayepaswa kuingiza kichwa, achilia mbali mwili, ndani ya tangi lenye dalili hizo bila vifaa na wataalamu.

Kipimo cha pili ni dawa ya kupakwa kwenye kijiti cha kupimia, ambayo hubadilika rangi inapogusa maji. Vituo vya mafuta vinaijua. Hospitali na hoteli nyingi zenye jenereta hazina hata kijiti.

Kipimo cha tatu ni cha maabara au cha mkononi. Kipo cha kuotesha viumbe kwenye jeli kwa siku kadhaa na kuhesabu makundi yao, na kipo cha kupima kemikali ya nishati ya seli, ATP, ambacho hutoa jibu kwa dakika. Sekta ya ndege imejiwekea mipaka: katika mwongozo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, sampuli yenye makundi kati ya 4,000 na 20,000 kwa lita ni uchafuzi wa wastani, na zaidi ya hapo ni mkubwa. Dizeli ya magari haina mipaka kama hiyo. EN 590 na kiwango cha Marekani cha D975 hupima maji, uchafu, salfa na mengine mengi, ila hazina kikomo cha viumbe hai. Vinasaba navyo huonyesha kama mafuta yamelipiwa kodi na hayajachanganywa. Havina la kusema kuhusu kilichoota baadaye.

Matibabu kwa mpangilio wake

Hatua ya kwanza ni kutoa maji yote, na hatua hiyo haina mbadala. Tangi lililojengwa vizuri lina mteremko na koki kwenye sehemu ya chini kabisa. Lisilo na koki hufyonzwa kwa bomba linalofika sakafuni. Endelea hadi yatoke mafuta safi matupu.

Hatua ya pili hutegemea hali. Ukikuta maji bila utando, kazi yako karibu imekwisha: rekebisha palipoingiza maji, badilisha filta, kagua tena baada ya wiki mbili. Ukikuta utando mwepesi, mafuta yanaweza kuzungushwa kupitia filta na kitenganisha maji hadi yang'ae. Meli hufanya kazi hiyo kwa separeta kila siku. Ukikuta ute uliotanda ukutani, filta haitoshi. Tangi litolewe mafuta, lisafishwe kwa kusuguliwa na kuoshwa, kwa sababu utando ulioachwa kwenye kuta ndio mbegu ya mavuno yajayo.

Hatua ya tatu ni kiuavijidudu. Zipo jamii kadhaa zinazotumika, zikiwamo za isothiazolinoni, za oksazolidini na za boroni, na zote huhitaji kipimo sahihi na muda wa kukaa, kwa kawaida siku moja hadi tatu kutegemea bidhaa. Kuna mambo matatu ambayo lebo husema kwa maandishi madogo. Dawa haipenyi vizuri utando mnene, hivyo husaidia baada ya usafi, si badala yake. Viumbe wakishakufa, mizoga yao hubanduka na kuziba filta, kwa hiyo uwe na filta za akiba kabla hujamimina. Na kutia dozi ndogo kila mara “kwa kinga” huacha hai walio sugu.

Hatari ya kukosea kipimo imeandikwa katika rekodi za usafiri wa anga. Februari 26, 2020, ndege aina ya Airbus A321 ya kampuni ya Titan Airways ilipaa kutoka Gatwick, Uingereza, na muda mfupi baadaye injini zake zote mbili zikaanza kuyumba. Rubani alitangaza hali ya hatari na kurejea salama. Uchunguzi ulibaini kwamba wakati wa matengenezo nchini Kupro matangi yalitiwa dawa ya Kathon kiasi cha mara 38 ya kipimo kilichopendekezwa, na aliyepiga hesabu hakuwa akiifahamu vizuri dhana ya sehemu kwa milioni. Mwaka uliotangulia ndege ya Boeing 787 ya Jetstar, ikitoka Cairns kwenda Osaka, nayo ilipata hitilafu ya injini zote mbili iliyohusishwa na dawa hiyohiyo. Machi 2020 mtengenezaji wa dawa hiyo akaacha kuruhusu matumizi yake kwenye ndege.

Ikiwa mahesabu yalipotea katika karakana ya ndege, fikiria yanavyoweza kupotea kwenye gereji ya uani. Kwa faida ya msomaji: sehemu 100 kwa milioni kwa ujazo ni mililita 100 katika tangi lenye lita 1,000. Lita moja ya dawa kwenye tangi hilo tayari ni mara 10. Kemikali hizi pia huchoma ngozi na macho, na glavu na miwani ni sehemu ya kazi.

Tiba za mitaani zinastahili maneno machache. Kutia petroli hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta hushikia moto na kuligeuza tangi kuwa hatari. Dawa ya kufulia ya klorini hula chuma. Spiriti huyafanya maji yapite na mafuta kuelekea kwenye nozeli. Vifaa vya sumaku vinavyouzwa kwa madai ya kuua vijidudu havina ushahidi wa kutosha wa kumshawishi mtu makini kutoa fedha. Na tope lililotolewa tangini ni taka hatarishi. Kulimwaga kwenye mtaro ni kosa la mazingira na ni kuhamishia uchafu kwenye kisima cha jirani.

Jukumu ni la nani?

Muuzaji ana wajibu wa kutoa mafuta yasiyo na maji, na mamlaka za udhibiti zina wajibu wa kumbana. Kipimo cha maji kwenye matangi ya vituo baada ya mvua kubwa kinapaswa kuwa cha kawaida kama kile cha vinasaba. Boza likifika, mpokeaji ana haki ya kudai sampuli ya chini kabla ya kumwaga, na ni vyema aitunze chupa hiyo yenye tarehe. Kukizuka mgogoro, chupa hiyo itasema kama maji yalikuja na boza au yalikuwapo tayari.

Lakini mafuta yakishaingia kwenye tangi la hospitali, hayana msimamizi mwingine zaidi ya hospitali. Hapo ndipo pengo letu lilipo. Jenereta ya dharura huwashwa dakika chache kwa wiki, hutumia lita chache, na mafuta yaliyo chini hukaa miaka. Siku umeme wa gridi unapokatika kwa saa sita, jenereta huanza vizuri kwa mafuta yaliyo kwenye bomba, kisha huvuta tope la chini na kuzimika, na wakati huo kuna mgonjwa mezani. Kiwango cha Marekani cha mitambo ya umeme wa dharura, NFPA 110, kinataka ubora wa mafuta upimwe angalau mara moja kwa mwaka. Hospitali zetu hazihitaji kusubiri sheria ya kutoka ng'ambo ili zifanye hivyo, wala minara ya simu inayopeleka simu za dharura za wananchi.

Utaratibu unaotosha si mzito. Kila mwezi, koki ya chini ifunguliwe na kilichotoka kiandikwe kwenye daftari, hata kama ni mafuta matupu. Kabla ya masika na kabla ya vuli, mipira ya mifuniko na bomba la kupumulia vikaguliwe, na bomba hilo liwe limepinda kichwa chini. Bomba la kuvutia mafuta liishie sentimita chache juu ya sakafu ya tangi. Mafuta ya akiba yahamishiwe kwenye magari ya taasisi na kubadilishwa yasizidi mwaka. Sampuli ya chini ipimwe maabara mara moja kwa mwaka, na dawa inunuliwe pale tu majibu yatakapoidai. Juu ya yote, kazi hii iwe na jina la mtu katika orodha ya majukumu, kwa sababu tangi lisilo na mwenyewe ndilo linaloota.

Kwa hiyo, msomaji mwenye jenereta, lori, trekta au boti: kabla hujaenda kugombana na sheli, fungua koki ya tangi lako na utazame kinachotoka. Kikiwa ni dizeli safi, dai lako lina nguvu na una haki ya kulipeleka kwa mamlaka. Kikiwa ni maji yenye ute, anza kazi nyumbani.